Barua Kumi na Moja za Sanduku la Maoni

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mkuu wa masjala kastaafu leo. Tumempa saa ya ukutani, katoa machozi, tukapiga makofi. Nusu ya wapiga makofi walikuwa wanakitazama kiti chake. Mimi nilikitazama zaidi. Kina magurudumu! Na chumba chake kina dirisha la kuonea miti. Mimi miaka tisa niko dirisha namba moja la kupokelea watu, na lile huonyesha watu tu.

Bosi anasema cheo ni changu au cha Miwani, dada wa dirisha namba mbili. Miwani husalimia kila mtu hadi mfagizi, kwa hiyo ana lake jambo. Hakuna binadamu anayeuliza hali yako bure.

Bosi katundika sanduku la maoni ukutani. Wananchi waandike tunavyowahudumia, yeye atafungua Ijumaa na kuamua. Nimemwambia mke wangu cheo tumeshapata.

Jumanne, tarehe 4

Mke wangu kampigia simu mama yake. Mama mkwe anakuja Jumapili kunipongeza! Sasa hakuna kurudi nyuma.

Nimechungulia sandukuni. Ganda la pipi, basi. Nimeamua kuwasaidia wananchi. Mchana nimejifungia stoo, nikaandika barua sita za kunisifu, tatu kwa mkono wa kulia, tatu kwa wa kushoto. Moja ni ya bibi kizee niliyemwinua alipoanguka foleni. Nilipoisoma tena machozi yalinilengalenga. Mimi ni mtu mwema sana.

Jumatano, tarehe 5

Sifa peke yake hazitoshi. Mtu akisikia wema anapiga miayo, akisikia ubaya anasogeza kiti. Nimeandika tano dhidi ya Miwani, zote kwa mkono wa kushoto. Ana kiburi. Ananuna. Anakula karanga juu ya mafaili.

Saa nne kaniletea chai bila kuombwa. Kwa nini? Ilikuwa na vijiko vitatu vya sukari, kama ninavyopenda. Nani kamwambia? Nimeinywa kwa tahadhari.

Ijumaa, tarehe 7

Maajabu. Bosi kafungua sanduku mbele yetu. Barua kumi na mbili! Sita na tano ni kumi na moja, nimehesabu kwa vidole mara mbili. Ya kumi na mbili ina wino wa kijani, inasema bwana wa namba moja ana subira na apewe yeye kile kiti. Sikuiandika! Nani tena ananisifu hapa duniani?

Miwani kasikiliza zile tano, kainamia viatu vyake. Nilijisikia vibaya karibu dakika nzima.

Halafu bosi kanigeukia.

“Wewe watu wanakupenda hivi, nikikutoa pale dirishani watanielewaje?”

Na Miwani? Kwa kuwa anagombana na watu, bora akae chumba cha ndani asikokutana nao. Yeye ndiye mkuu wa masjala. Nimepiga makofi, mikono ikajiendea yenyewe. Sielewi kitu.

Jumapili, tarehe 9

Mama mkwe kafika. Kaniletea mto wa kukalia, kaushona mwenyewe kwa ajili ya kiti changu kipya. Nimeshukuru sana. Anasema haondoki mpaka akione hicho kiti, na wiki mbili hizi hana haraka. Mke wangu kaniuliza mbona natoka jasho. Nimesema ni furaha.

Jumatatu, tarehe 10

Mto nimeuweka juu ya stuli ya namba moja. Miwani alipohamisha vitu vyake nikaona kalamu ya kijani. Nikamuuliza kama ile barua ni yake.

“Ndiyo, kaka. Miaka tisa upepo wa mlangoni unakupiga, nikaona ukapumzike.”

Kasema pia mkono wangu wa kushoto una mwandiko mzuri kuliko wa kulia. Sijui kayatoa wapi hayo. Kisha kaniachia blanketi lake la miguuni na kwenda zake.

Nimewaza siku nzima. Hatimaye nimeelewa! Mtu hawezi kumwombea mwenzake kiti anachokitaka mwenyewe. Alijua sifa zitanigandisha dirishani, ndiyo maana akaniongezea moja. Mjanja yule! Nami nilimwonea huruma.

Basi na mimi nitatumia njia yake. Anayechukiwa ndiye anayepelekwa ndani. Mchana huu nimejifungia stoo tena, nikaandika barua kumi na moja za kujishtaki: nina kiburi, nanuna, nakula karanga juu ya mafaili. Zimo sandukuni tayari. Bosi amechoka kusoma maoni, ufunguo kamkabidhi Miwani. Haidhuru. Zote nimeandika kwa mkono wa kushoto, hatanijua kamwe.