Udi Namba Arobaini na Moja

Jumatatu, 19 Januari 2026

Nimenyimwa! Cheo cha Msimamizi wa Taarifa kapewa Shemsa. Shemsa aliyeingia kazini mwaka jana tu, na mimi nna miaka sita nabandika karatasi kwenye makopo ya udi hapa Mlandege. Nimempa mkono wa pongezi. Mkono wa baridi, lakini mkono.

Bi Zeyana, mwenye kampuni, katukusanya ofisini akatueleza mambo upya. Kampuni yetu inapika udi kwa mapishi ya wateja wenyewe. Kila nyumba ina udi wake, na mapishi hayatoki nje. Mama humwachia binti, basi. Sasa kina mama mia mbili na kumi na wawili wametukabidhi sisi, yasije yakapotea. Kwa hiyo, kasema Bi Zeyana, taarifa zilizomo kwenye kompyuta si zetu. Tunachukua tunachohitaji tu. Tunazitumia kwa kazi tuliyotumwa tu. Mwenyewe akisema futeni, tunafuta siku hiyo hiyo. Jikoni inakwenda kadi yenye namba na vipimo, bila jina. Jina analijua yeye na Shemsa peke yao.

Kisha akatuonesha barua kutoka hoteli moja ya pwani. Wanataka orodha ya wateja wetu na simu zao, wawatangazie ukumbi wao wa harusi. Bei tutaje wenyewe! Bi Zeyana kaichana barua vipande vinne, akaendelea kunywa chai yake. Subhanallah! Mwili ulinisisimka. Mwanamke mfupi vile, miwani imefungwa kwa uzi, kaikataa hoteli yenye mabwawa matatu ya kuogelea. Nimetoka pale nimejiapia kuwa mwaminifu.

Mchana nikapanda ngazi za jikoni. Ubwa, mpishi wetu, anapika. Harufu ikanipata kwenye ngazi ya tatu, nikakaa kitako na makopo yangu mapajani. Machozi yakanitoka! Nimemkumbuka marehemu mama akinifukizia kanzu asubuhi ya Idi. Tangu nizaliwe sijanusa kitu kama kile. Nikamuuliza Ubwa, udi wa nani huu? Kasema hajui wala hataki kujua, kadi imeandikwa namba arobaini na moja.

Jumanne, 20 Januari

Sijalala vizuri. Nimepata akili.

Posa yangu kwa Nadra imeshapelekwa tangu mwezi uliopita. Jibu ni Ijumaa hii, kwao Mbweni. Shangazi Rahila na wanawake wa kwetu watakwenda kulisikiliza. Kikwazo ni mama yake Nadra, Bi Khairiya. Mwanamke mkali! Mara ya mwisho nilipompa shikamoo, kaitika marahaba huku akiviangalia viatu vyangu. Shangazi kasema tusiende mikono mitupu, tupeleke kitu kitakachomkalisha kimya.

Nakijua kitu hicho. Kimenikalisha mimi kwenye ngazi.

Nikajihoji kama ni wizi. Nikajijibu. Kadi haina jina. Kisicho na jina hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe kinaibwaje? Hata Shemsa na cheo chake hawezi kulijibu hilo.

Adhuhuri Ubwa kenda kusali. Kadi inaning'inia msumarini, karibu na jiko. Sikuichukua. Siwezi kuchukua kadi ya watu. Nimeinakili tu, humu kwenye shajara yangu ambayo haisomwi na mtu:

Udi nusu ratili. Sandali robo. Shira ya sukari, ipikwe mpaka ivutike. Maji ya mawardi vikombe viwili. Zafarani, ambari. Ua moja la mkadi, likaushwe kivulini. Karafuu moja.

Karafuu moja! Katika kisiwa hiki chenye magunia na magunia ya karafuu, mtu kakaa akafikiri, akatia moja. Nimeitazama karafuu ile kwenye karatasi mpaka Ubwa karudi. Nani alikuwa na akili hiyo?

Jumatano, 21 Januari

Nimechukua ruhusa, nimesema tumbo. Nikapikia uani kwa Shangazi.

Sufuria ya kwanza iliungua. Jirani kaja na kisahani akauliza kama halua iko tayari. Sufuria ya pili iliganda, mwiko haujatoka mpaka sasa. Ya tatu nikatia karafuu tatu, nikidhani nitaongeza uzuri. Ikanuka dawa ya meno. Ya nne nikafuata kila kitu kama kilivyoandikwa, karafuu moja.

Harufu ikapanda, ikatoka uani, ikaingia mtaani. Shangazi kaacha kufua. Jirani karudi, safari hii bila kisahani, kasimama mlangoni mkono kifuani.  Nikajiona mkubwa, wallahi, ingawa nlijua sikubuni mimi hata punje.

Shangazi kauliza nimeupata wapi. Nikamwambia kazini, bila kueleza zaidi. Kaniombea dua ndefu.

Ijumaa, 23 Januari

Nimekwisha.

Nilibaki nyumbani, nimevaa kanzu mpya, nasubiri simu. Shangazi karudi badala ya simu. Buibui limekaa upande. Kanieleza huku akinipiga begani kila baada ya sentensi.

Wamefika Mbweni, wamepokewa vizuri, kahawa na visheti. Shangazi katoa kopo letu, kaomba chetezo afukize kwa kheri. Moshi haujafika darini, Bi Khairiya kainuka. Kauliza udi huu umetoka wapi. Shangazi kwa fahari zake zote kasema kaupika Jaku! Bi Khairiya kaingia ndani, katoka na kopo jingine, karatasi ya kampuni yetu, namba arobaini na moja. Kalifungua akaliweka karibu na letu. Harufu moja.

Ni udi wa marehemu mama yake. Alikuwa akiupika mwenyewe chumbani, mlango kafunga. Hufukizwa siku inapokubaliwa posa ya binti wa nyumba ile na siku ya harusi yake, siku nyingine haufukizwi. Bi Khairiya kaanza kusahausahau vipimo, ndiyo maana akatukabidhi sisi. Na wiki hii kaagiza apikiwe.

Kwa nini kaagiza wiki hii? Kwa sababu leo alikuwa ananikubali! Alikuwa tayari! Chetezo chake kilikuwa ndani, makaa yamekokwa, anasubiri kahawa imalizike!

Jibu limezuiwa. Bi Khairiya kasema hawezi kumtoa mwanawe kwa mtu asiyejua kipi chake na kipi cha watu. Nadra kaniandikia neno moja tu kwenye simu. Jaku. Basi, jina langu peke yake. Nimelisoma mara kumi na kila mara linauma zaidi. Nampenda msichana yule. Sijawahi kuliandika humu kwa sababu nlidhani halihitaji kuandikwa.

Jumamosi, 24 Januari

Bi Khairiya kampigia Bi Zeyana tangu alfajiri. Nimeitwa ofisini. Shemsa kasimama dirishani, hanitazami. Nlitamani anicheke, ingekuwa nafuu.

Nimeeleza yote, pamoja na ile hoja yangu ya kisicho na jina. Bi Zeyana kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha kaniuliza kwa upole kama udi ule ulihitaji jina ili Bi Khairiya aujue.  Shemsa kafungua daftari akaandika kuanzia leo kadi haining'inii msumarini, inakaa mkononi mwa mpishi na akitoka anaifungia. Hata hakunisema. Kaandika tu.

Nikangoja kufukuzwa. Bi Zeyana kavaa buibui lake kasema twende Mbweni, sote watatu.

Njiani nikapanga la kusema. Nikapanga maneno mazuri kuhusu shetani. Sikupata nafasi ya kuyatumia. Tulipokaribishwa, Bi Zeyana alikataa kiti. Umri ule, magoti yanamuuma, kasimama katikati ya ukumbi. Kasema amana iliyopotea imepotea kwake yeye. Bi Khairiya hakuja kuiweka kwa Jaku, alikuja kuiweka kwa Zeyana. Kwa hiyo mwenye kosa ni Zeyana, na anaomba radhi, na kuanzia Jumatatu atawaarifu wateja wote mia mbili na kumi na wawili lililotokea, wapate kuamua wenyewe wabaki au waondoke.

Wote! Hata wasioguswa! Nikamnong'oneza Shemsa kwamba wakiondoka wote kampuni itakufa. Shemsa kanijibu kuwa Bi Zeyana keshapiga hesabu hiyo usiku. Nlihisi nywele zikinisimama. Mtu ana mlango wa kutokea, mlango uko wazi, mimi ndiye mlango wenyewe, wa kunisukumia lawama tu, na hautumii! Sijui watu hawa wameumbwa kwa udongo gani.

 Bi Khairiya kasema futeni. Shemsa katoa kompyuta ndogo akafuta mbele ya macho yake, na kadi kaichanachana. Mapishi yakabaki kwenye karatasi moja tu, Bi Zeyana kampa mkononi. Bi Khairiya kaikunja kidogo kidogo akaitia ndani ya mkoba.

Halafu akanigeukia mimi. Kaniuliza kwa nini, katika mapishi yote ya kampuni, nichukue hili. Nikasahau habari za shetani. Nikamwambia nilikaa kwenye ngazi nikalia, kwa sababu nilimuona mama yangu na kanzu ya Idi. Bi Khairiya kageuza uso ukutani. Kasema mama yake angefurahi kusikia hivyo, na kwamba hilo halinisamehe.

Kauliza kama kuna nakala nyingine yoyote duniani. Nikaapa hakuna. Nikaapa kwa moyo mweupe kabisa.

Jumatatu, 26 Januari

Sikufukuzwa. Adhabu yangu ni kuwapigia simu wateja mmoja mmoja, kwa sauti yangu, niseme nilichofanya. Shemsa anakaa pembeni na orodha. Yeye ananibonyezea namba na kulitaja jina, ili nisiione hata moja. Nimeudhika. Halafu nikaona kafanya sawa. Halafu nikaudhika tena.

Mpaka Alasiri nimeshawapigia sabini. Bibi mmoja wa Tumbatu kanitukana kwa Kitumbatu, sikufahamu yote lakini nilipata maana. Watatu wamesema wafutiwe, tukawafutia papo hapo. Waliobaki wote wamebaki! Bi Nassra wa Kiwengwa, analima mwani, kasema kote alikowahi kuibiwa hajapigiwa simu na mwizi kuambiwa, sasa anatuletea na mapishi ya dada yake. Nilipomwambia Bi Zeyana, kavua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio, akairudisha, akasema nipige ya sabini na moja.

Na mmoja, simtaji, kaniuliza kwa sauti ya chini kama udi wenyewe ulikuwa mzuri, na naweza kumpatia kidogo. Nikakataa! Mimi! Nimemwambia Bi, taarifa zile si zangu. Shemsa kanitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Nimejistaajabia mwenyewe. Nilikuwa sijui kama nnaweza.

Alkhamisi, 29 Januari

Alhamdulillah! Nimekubaliwa!

Bi Khairiya kampigia Shangazi asubuhi. Kasema mtu aliyesimama kujisema kwa watu mia mbili anaweza kufundishika. Harusi baada ya mfungo, inshallah. Nadra kaniandikia tena jina langu peke yake, lakini safari hii na moyo mwekundu pembeni. Bi Zeyana kanipa chupa ya mawardi. Shemsa kanipa mkono, na haukuwa wa baridi. Nimewaangalia wote nikajiona mdogo, mdogo kwa raha. Kweli nimebadilika.

Nikafungua shajara niandike furaha hii. Nikapekua nyuma kidogo. Jumanne. Karafuu moja!

Moyo ulinipasuka. Nakala! Nimeapa hakuna, na imo humu humu kwa mwandiko wangu! Sikungoja. Nimeunukuu ukurasa ule wa Jumanne upya, neno kwa neno, yale maelezo mengine nisiyapoteze, na wa zamani nimeuchana na kuutia kwenye makaa mpaka ukawa jivu. Machozi yalinilengalenga. Amana hiyo, imerudi kwa mwenyewe.

Kabla ya kuuchoma niliupiga picha, bila shaka. Maana nimefikiri. Harusi itakuwa na watu mia nne, utahitajika udi mwingi, na Bi Khairiya anasahausahau, ataupika vipi peke yake na mlango kafunga? Na mtu huzawadiwa asichokitarajia. Kwa hiyo picha nimempelekea Anuar, fundi wa udi pale Darajani, anipikie makopo arobaini kimya kimya. Anuar kasema hajawahi kuona mapishi kama haya, na kama sitojali atajipikia kidogo cha dukani. Nimemsisitizia ni siri kubwa.

Nnamuona mama mkwe siku hiyo, anaingia ukumbini, harufu inampata mlangoni. Atakaa kitako!

Na Anuar hajui udi ni wa nani. Jina sikumtajia, nimemwandikia namba tu.