Mkia wa Herufi Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa chumba chetu cha kufulia nguo za hoteli. Anatafutwa msimamizi. Usaili Ijumaa, tena kwa Kiingereza. Msimamizi ana kiti! Mimi nimesimama na pasi miaka kumi na moja, miguu imevimba kama viazi.

Mpinzani wangu ni mmoja tu: Povu, wa mashine kubwa. Kiingereza chake ni yes na no. Mimi nina yes, no na good morning. Nimemzidi, lakini kidogo tu.

Mpango: nyumbani, ghorofa ya chini yetu, anakaa mwalimu mstaafu. Nitampigia pasi mapazia yake matano, naye anifundishe. Amekubali.

Jumanne, 5 Machi

Sijawahi kuona maajabu kama haya.

Mwalimu aliandika slow kwenye ubao wake. Sifa ya mtu: wa polepole. Halafu akachomeka nyuma yake herufi mbili, l na y. Slowly! Ghafla si habari ya mtu tena, ni namna anavyotenda. Careful, mwangalifu. Carefully, kwa uangalifu. Kalamu ilinidondoka. Sisi tunahangaika: mara tuanze na vi-, vizuri, vibaya, mara ki-, kitoto, mara tuombe msaada wa "kwa". Wenzetu mkia mmoja, basi!

Na adabu ya mkia wenyewe! Happy inaishia na y, hiyo y inageuka i kwanza ndipo mkia uingie: happily. Gentle, ile e ya mwisho inaipisha y: gently. Maneno yanajikunja yenyewe kama kola chini ya mvuke. Nywele zilinisimama.

Mwalimu akasema, "Subiri, mwanangu, hatujamaliza. Yapo yanayoukataa mkia huu."

Nilishasimama. Mtu akikabidhiwa ufunguo hakai mlangoni kukagua bawaba. Nimempigia pasi pazia moja, nikaondoka na karatasi ya maneno ya kazini aliyoniandikia. Manne yatasubiri.

Jumatano, 6 Machi

Povu kanikamata nikinong'ona kwenye mvuke. Akaniomba, kwa unyenyekevu wote, nimfundishe kusema kwamba anafanya kazi kwa bidii, upesi, wala hachelewi.

Shetani akanipitia. Nikamwambia mwiko mkubwa kwenye Kiingereza ni kutia mkia. Maneno ayaache uchi kama yalivyozaliwa: hard, fast, late. Povu akanishika mikono yote miwili. "Kaka, Mungu akuzidishie." Niliona aibu. Dakika mbili nzima.

Nyumbani nikafanya mazoezi ya yangu, yenye mikia: hardly, fastly, lately. Mke wangu akaacha kumenya vitunguu ili asikilize. Alisema ni kama maji yanayoteremka kwenye mawe. Ameanza kunishonea mto wa kukalia.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeunguza mashuka mawili kwa kuwaza mikia. Tena ya bei gani? Ya chumba cha ghali kuliko vyote. Nimeyaficha chini ya mengine.

Ijumaa, 8 Machi

Meneja ni mama mpole mwenye miwani. Nikanyoosha mgongo, nikasema yote kwa pumzi moja: I work hardly. I iron fastly. I come to work lately.

Akavua miwani. Akaniuliza kama nina hakika na hilo la kwanza. Nikamhakikishia: very hardly, madam, miaka kumi na moja! Akakohoa kwenye leso kwa muda mrefu. Nikajua nimemgusa.

Akaingia Povu. Nikasikia mlangoni: I work hard. I work fast. I never come late. Maskini, maneno yote hayana hata nguo! Nilimhurumia kwa dhati.

Robo saa baadaye Povu akawa msimamizi.

Akatutangazia sote, machozi yakimlengalenga, kwamba kila neno nimemfundisha mimi. Wafuaji wakanipigia makofi. Nami nikapiga, nifanyeje?  Mke wangu aliuweka mto sandukuni, juu ya nguo zake nzuri, akaniandalia maji ya moto ya kuloweka miguu. Heri angenifokea.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemalizia mapazia manne. Nilipomsimulia mwalimu, alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akanionea huruma, akaeleza.

Hard ni sifa na ni kielezi vilevile, haihitaji mkia. Ukiutia, linazaliwa neno jingine kabisa: hardly, yaani kidogo mno, karibu na hapana. Nilimwambia meneja kwamba kazi siifanyi! Tena sana! Late ni kuchelewa, lately ni siku hizi. Kwa hiyo kazini nimeanza kuja juzijuzi. Fast haina mkia duniani wala ahera. Good, -zuri, inajigeuza well, vizuri. Na friendly ina mkia kabisa lakini ni sifa tu, mtu mwenye urafiki.

Nilikaa nikiutazama ubao. Herufi mbili zimefuta miaka kumi na moja! Nguvu gani hii? Ningepaswa kukasirika. Nilishindwa. Nilishangaa tu, kama mtu aliyekanyagwa na tembo akabaki kusifia ukubwa wa mguu.

"Ungesubiri dakika tano tu," mwalimu akasema. Nimeapa: kuanzia leo nitasubiri.

Jumatatu, 11 Machi

Povu, kwa roho yake safi, kaninong'oneza kwamba jikoni wanatafuta mpishi. Wapishi wana viti kwenye kona yao. Barua iwe ya Kiingereza.

Mbio kwa mwalimu. Leo kanionyesha mkia mwingine, -er. Teach, fundisha, teacher, mwalimu. Work, worker. Bake, baker. Sisi mtu tunamtanguliza na m-, fua, mfuaji. Wao mtu anakuja nyuma, ananing'inia kwenye kazi yake!  Mwalimu akaanza, "Ila cook, yaani pika, mwanangu..." Lakini nilishafika ngazini, wazo lisije likapoa.

Barua ni fupi na tamu: I am a very good cooker.

Mke wangu kaisoma akiwa nyuma ya bega langu. Kauliza mbona neno hilo limeandikwa kwenye boksi la jiko letu. Nikamwambia, unaona? Hata kiwandani wanalijua!