Skrini Mbili na Amina Tatu

Basi la Kasenga lilikuwa limeshaanza kutambaa, na Ruphin alikuwa ndani, kiti cha dirishani, akiondoka Lubumbashi kwa sababu za kiafya. Afya yake ilikuwa nzuri kabisa. Lakini kulikuwa na watu wawili mjini, mmoja aliyenunua kwake friji isiyo na mota na mwingine aliyenunua mota ya friji hiyohiyo, na wote wawili walisema wakimpata afya hiyo itabadilika. Hata pikipiki yake nyekundu, ambayo mji mzima uliijua, alikuwa ameificha kwa binamu yake na kuifunika turubai.

Chini ya dirisha mama mmoja mwenye kitambaa cha kanisa kichwani alikuwa akitembea sambamba na basi, akimpigia dereva kelele.

"Papa chauffeur! Ukifika Kasenga umusalimie dada yangu. Umuambie samaki atume, lakini franga ataona mwezi yenye inakuya. Sasa franga yote inaenda ku écran ya Gaëlle! Écran ya 4K, ile inaonyesha hata unywele!"

Ruphin alisikia maneno matatu: franga, yote, na 4K. Franga ni pesa na écran ndiyo skrini, huku kwetu hakuna anayesema vingine. Kabla basi halijafika kwenye lami alikuwa amesharuka chini. Begi lake la nguo halikuruka. Liliendelea na safari.

"Jambo yenu, Mama," alisema akijipangusa vumbi. "Mungu anafanya kazi. Mi nauzishaka écran tu."

Mama Adolphine, maana ndilo jina lake, alimtazama kutoka viatu hadi nywele. "Si ulikuwa unasafiri?"

"Nilikuwa, Mama. Roho akanigusa nishuke."

"Ni muzuri. Lakini siku ingine akuguse wakati basi imesimama."

Wakaenda pamoja mpaka Naviundu, ambako Mama Adolphine aliishi na binti yake, kitindamimba. Gaëlle alichora ramani za nyumba kwa ajili ya wanaojenga. Alichorea nyumbani, kwenye kompyuta ndogo ya mkononi, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu vya harusi. Mwaka uliopita, kwenye kioo kile kidogo, mistari miwili ilikuwa imegeuka mmoja bila yeye kujua. Fundi mwashi wa watu, ambaye hujenga kilichochorwa bila kuuliza, akaweka mlango wa bafu unaofungukia shimo la choo. Mwenye nyumba aliusimulia mlango huo mji mzima. Sasa daktari mmoja, mtu jasiri, alikuwa amempa Gaëlle ramani ya kliniki, ya kukabidhiwa Jumatatu. Mstari ukipotea tena, hakuna ambaye angempa hata banda la kuku alichore.

Kwa hiyo Gaëlle alikuwa ameandika anachotaka kwenye daftari, na alijua kila neno. Inchi ishirini na saba, kwa sababu meza yake ina kina cha sentimita sitini, na skrini kubwa zaidi ingemfanya ageuze shingo kushoto na kulia kama mtazamaji wa tenisi. 4K, ili mstari mwembamba ubaki mwembamba na namba ndogo zisiote manyoya. Uso usiong'aa, kwa maana dirisha linaingiza jua la jioni. Mguu unaopanda na kushuka. Maduka ya katikati ya mji yalikuwa nayo yote hayo, na bei yake ilimfanya mtu arudi nyumbani kimya. Gaëlle alitaka mali ya dukani kwa bei ya barabarani. Ugonjwa huu tunao wengi, na ndio uliomlisha Ruphin miaka yote.

"Bei ya ku magasin tunaijua," Ruphin alisema. "Miye nakuachia kwa nusu."

"Nusu? Juu ya nini?" Gaëlle akataka sababu.

"Juu ya mama yako, Mademoiselle. Niliona kitambaa yake ya kanisa, nikasema hapa sitakula faida."

"Na garantie, siku itaharibika?"

"Garantie njo miye."

Gaëlle akatazama daftari. "Nitaijaribu kwanza. Na plan yangu ya kliniki, si na video ya maua."

"Jaribu hata siku muzima! Kesho saa sita ya muchana nakuya nayo."

Saa sita haikuchaguliwa ovyo. Katika mji huu anayefika mchana hulishwa, anayelishwa huombewa kwanza, na wanaoomba hufunga macho. Juu ya desturi hizi tatu njema Ruphin alikuwa amejenga maisha yake.

Skrini ya pili, ya kubadilishia, alikuwa nayo tayari. Aliipata kwenye ofisi moja iliyofungwa: inchi ishirini na saba, umbo lilelile, kartoni ileile, ila ilikuwa ya kawaida, Full HD, ambamo mistari miwili ya Gaëlle ingelala kama mume na mke. Ruphin alibandika lebo ya 4K pembeni kwa kidole gumba chake mwenyewe. Iliyobaki ni ile ya kweli, ya kuonyesha, na hiyo ilikuwa kwa Sumaili.

Sumaili alitoka familia ya watu wa Maniema, mtengenezaji na muuzaji wa skrini. Hakuwa na ubaya na mtu. Alikuwa tu na masharti: hakuna kitu kilichotoka kwake bila rehani, na hakuna kilichorudi bila kupimwa mbele ya macho ya aliyekirudisha.

"Mteja aione tu, kesho nairudisha," Ruphin alimwambia, akiegesha pikipiki nyekundu, aliyoitoa kwa binamu iwe rehani, uani, ndani ya lango, ambako wale watu wawili wasingeiona.

"Ukirudisha écran, unabeba pikipiki yako."

"Haitapotea, ndugu yangu."

"Minajua. Ikipotea, pikipiki inakaa."

Kesho yake saa sita kasoro, Ruphin alishuka kwenye teksi na kartoni mkononi na mfuko mkubwa wa nailoni begani. Gaëlle aliunganisha skrini ya kweli na kompyuta yake, akaifungua ramani ya kliniki yote, ukurasa mzima kwa mara moja, bila kukuza kitu. Akasogea. Akafuata mstari kwa kidole.

"Mama, kuya uone! Hii ni chuma ya dirisha, hii ni kioo yake. Mistari mbili! Na hii namba, naisoma!"

"Na kamba ya écran utumie hii nimeleta," Ruphin alisema. "Ile ya zamani, mushale ya ku écran itatembea kama konokono." Ilikuwa kweli. Ruphin hakuwa na chuki na ukweli ulipokuwa haumgharimu kitu. "Sasa tuirudishe ku carton."

"Aba, juu ya nini?"

"Écran ya 4K ikitoka ku essai, ukishaijaribu, inapumzika saa moja, Mademoiselle. Isipopumzika, inasahau rangi."

Gaëlle alikunja uso. Alikuwa amesoma mengi kuhusu skrini, lakini kuhusu usingizi wake hakuwa amesoma. Wakati huohuo mama yake akatoka jikoni na bukari, ugali wa huku, linalotoa moshi, pamoja na sombe ya majani ya muhogo na ndakala, dagaa wetu.

"Écran ipumzike," alisema Mama Adolphine, "bantu bakule."

Kartoni ikafungwa kwa utepe wa gundi, ikawekwa kando ya kiti cha Ruphin. Nyuma ya kiti ulikuwepo mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko pacha wake. Wakanawa mikono. Mama Adolphine akainamisha kichwa, na sala ikaanza.

Ilianza kwa Kiswahili, ikashukuru kwa chakula, kwa mvua na kwa mgeni. Ruphin alivuta kartoni moja kwa ncha ya mguu, akaingiza nyingine mahali pake, bila hata kukwaruza sakafu. Kwa kazi safi kama hiyo watu wengine hupewa cheti. Sala ikahamia Kitshiluba, lugha ya wazee wa Kasai, na humo ikanoga. Ruphin, mtoto wa Kasenga, hakuelewa hata neno, lakini alijua wapi mama anapumua.

"Amina!" aliitika. Na tena, "Amina!" Na ya tatu kwa nguvu zaidi, mkono juu ya kifua: "Amina, Mama!"

Wakala. Ruphin alikula kama mtu aliyemaliza kazi, mguu mmoja ukiwa juu ya mfuko. Sahani zilipobaki tupu, Mama Adolphine akasema:

"Sasa mugeni atushukurie. Muntu mwenye Roho alimushusha ku basi, tunataka kusikia maombi yake. Tusimame."

Ruphin alikuwa na udhaifu mmoja: sauti yake mwenyewe. Alisimama katikati ya chumba, akafumba macho mpaka mashavu yakapanda, akaombea nyumba, kliniki, wagonjwa watakaolala humo, na wafanyabiashara wote waaminifu wa Katanga, mmoja baada ya mwingine. Nyuma yake alisikia kandambili zikipita. Akadhani ni sahani zinaondolewa.

Gaëlle akampa bahasha ya nusu bei. Mama Adolphine akamsindikiza hadi barabarani na hata akamsaidia kuupandisha mfuko begani.

"Ni muzito, Papa. Iko na nini?"

"Bible, Mama, na vitu kidogo."

"Mungu akulipe yote."

Kwa Sumaili, kartoni ilifunguliwa, skrini ikawashwa, na Sumaili akaweka picha yake ya kupimia, mistari minne myembamba iliyosimama karibu karibu.

"Hii haiko yangu."

"Angalia muzuri, ndugu!"

"Minaangalia. Niliweka mistari ine, naona mbili. Na etiquette yako ya 4K inabanduka."

Ruphin aliitazama lebo. Alama ya kidole gumba chake bado ilikuwepo.

Alirudi Naviundu kwa miguu, kwa haraka, na skrini begani. Ile nyingine ilikuwa imeshapandishwa juu ya mguu wake, ramani imetandazwa, na Gaëlle ameketi mbele yake.

"Mama, kulikuwa ka-erreur. Carton zilibadirishwa."

"Nani alibadirisha?" Mama Adolphine aliuliza kwa upole.

Ruphin aliishusha skrini begani.

"Uliniuzia écran ya 4K," Gaëlle alisema bila kugeuka. "Njo hii. Essai tulifanya, franga ulipata. Ao unataka niite majirani ya quartier, uwaelezee ulikuwa unataka kuniachia écran gani?"

"Lakini mulizirudisha wakati gani?"

"Wakati ya maombi yako," alisema Mama Adolphine. "Ulifunga macho sana, Papa. Miye nalindaka viatu ku mulango ya kanisa, mwaka ya kumi na mbili sasa. Nilishazoea kuomba na jicho moja."

"Na mutoto alijua namna gani?"

"Nilimuambia, mbele yako. Nilisema na Tshiluba: 'Mwana wangu, huyu muntu amebadirisha carton. Akianza kuomba, rudisha. Na kama ni mwizi, akose yote.' Ukaitika Amina mara tatu. Hata nilifurahi, nilikuwa naogopa hautakubali."

Ramani ya kliniki ilikabidhiwa Jumatatu. Kliniki imejengwa, na milango yake inafungukia vyumba. Gaëlle bado anachorea kwenye skrini ile na ana kazi nyingine tatu. Analalamika tu kwamba mguu wa skrini unalia ukipandishwa. Nusu ya bei iliyobaki hajampelekea mtu. Mama Adolphine bado analinda viatu. Sumaili alingoja mwezi mmoja, akaipaka pikipiki rangi ya bluu, akamuuzia mwalimu. Mtu wa friji hupishana nayo kila asubuhi bila kuijua. Begi la nguo lilifika Kasenga salama, na dereva, akidhani ni mzigo wa Mama Adolphine, akamkabidhi dada yake. Mume wa dada ndiye anayevaa yale mashati. Ruphin alipanda basi la siku iliyofuata, skrini mapajani. Sasa anaonyesha mpira kwa wavuvi pale Kasenga, karibu na maji. Lebo ilianguka wiki ya pili. Hakuna aliyeuliza.