Maswali Thelathini na Moja kwa Yaya

Jumanne, 4 Machi 2025
Likizo ya uzazi ya mke wangu Trizah inaisha Jumapili. Msimamizi wake katika kiwanda cha nguo amemwambia wazi: Jumatatu saa mbili asipokuwa kwenye cherehani yake, atakaa mwingine. Tunahitaji yaya. Nasipwondi, mama mboga wetu hapa Kisumu Ndogo, ametuletea msichana aitwaye Mbula. Trizah alimtazama dakika tano akasema huyu ndiye. Dakika tano! Mimi hata bawaba huchagua kwa muda mrefu kuliko huo. Nimefungua daftari jipya. Maswali thelathini na moja.

Mbula aliyajibu yote akiwa amembeba mwanetu Wekulo, mwenye miezi mitatu, ambaye hulilia kila mgeni. Wekulo alilala. Nimeandika: kalala haraka mno, kwa nini? Niliomba kitambulisho. Alinipa, kisha akaomba changu. Hilo halikuwa kwenye orodha. Alikisoma pande zote mbili, akanitazama usoni, akakitazama tena.

Jumatano, 5 Machi
Siku ya majaribio. Kabla ya kwenda mtaa wa Olympic, ninakotengeneza makabati ya jikoni, nilitia alama ya kalamu kwenye chupa ya sukari. Nilirudi mara tatu, eti nimesahau futi. Kila mara: mtoto msafi, sakafu imepigwa deki, chai tayari. Jioni sukari ilikuwa imeshuka vidole viwili. Nilimwita Trizah kwa sauti ya chini. Akauliza leo nimekunywa vikombe vingapi. Sita. Akauliza kila kikombe huwa naweka vijiko vingapi.
Jalada la sukari limefungwa.

Alhamisi, 6 Machi
Kawangware, kwa Wangoi, mwajiri wa zamani wa Mbula. Nilijifanya fundi anayetafuta kazi, jambo rahisi kwa kuwa mimi ni fundi. Alinionyesha mlango uliolegea. Nimeutengeneza saa nzima, bure, kwa ajili ya uchunguzi. Kisha nikauliza, kama mtu anayeulizia mvua, iwapo anamjua Mbula.

Wangoi aliweka sufuria chini. Alisema Mbula anakula sana, analala sana, ana kiburi. Krismasi alienda kwao Kitui baada ya wao kukosana, akabadilisha nambari ya simu, hakuonekana tena. Mapacha wa Wangoi waliposikia jina la Mbula wakaanza kulia. Kwa woga? Nimeweka alama ya kuuliza.

Akataka kujua siku hizi anakaa wapi. Uchunguzi ni kupeana. Nilimweleza: Soweto West, kwa binamu yake, mlango wa bluu mkabala na bomba la maji. Aliniongezea sahani ya pili ya githeri. Mama mkarimu sana.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemsomea Trizah ripoti. Akauliza: kama msichana ni mlafi na mvivu, huyo mama anataka kujua anakokaa wa nini? Nikamwambia swali hilo ni la hatua ya baadaye. Akasema, Baba Wekulo, mpigie huyo msichana sasa hivi, mwambie aje. Nikasema bado nasubiri barua ya kanisa lao ya kumthibitisha.

Jambo jingine. Mbula naye ananichunguza! Amemuuliza Nasipwondi, aliyemwambia kuwa sinunui nyanya kabla ya kujua zimelala wapi. Amemuuliza hata Okello, fundi mwenzangu anayeimezea mate kazi yangu ya Olympic. Okello amemwambia mimi ni mtu poa, ila nikimwona sisimizi nitampima futi.
Picha ya barua imeingia kwenye simu saa tisa. Nitaisoma kesho, akili ikiwa imetulia.

Jumamosi, 8 Machi
Barua safi. Mbula amepata ishirini na tisa kati ya thelathini na moja. Nimetia sahihi, nikagonga na muhuri wangu wa useremala. Saa tano nikampigia. Simu imezimwa.

Nilishuka kwa Nasipwondi. Alicheka mpaka akashikilia nguzo ya kibanda. Jana jioni mama mmoja wa Kawangware alikuja na mapacha, hakuuliza njia kwa yeyote, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa bluu. Mapacha wakamng'ang'ania Mbula miguuni. Wakubwa wakaombana msamaha. Begi likabebwa. Kumbe Wangoi alikuwa akimtafuta tangu Januari.

Mbula ameniachia ujumbe kwa Nasipwondi. Uchunguzi wake haukupata baya lolote kwangu, ila anaogopa siku moja nitamuuliza kwa nini anapumua. Na asante kwa kumwelekeza mama mapacha.

Jumatatu, 10 Machi
Trizah yuko kwenye cherehani yake. Okello yuko Olympic, kwenye makabati yangu. Mimi niko nyumbani na Wekulo. Trizah hakunigombeza. Aliniachia chupa za maziwa na maagizo ya mstari mmoja: usimuulize mtoto chochote.

Nimekaa nikatafuta kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Maswali yalikuwa machache. Sasa yamefika arobaini na manne.

Kesho asubuhi anakuja msichana mwingine, Kaluki. Naye aliwahi kufanya kazi Kawangware. Nimempigia mwajiri wake wa zamani, naye akasema Kaluki ni mvivu kupindukia, kisha akauliza kwa upole siku hizi anapatikana wapi. Nimemwahidi kufika kwake leo alasiri, Wekulo mgongoni, tuongee vizuri. Safari hii sitaki maelezo ya mdomo, mtu anaweza kupotea. Nimemchorea ramani.