Kifungu cha Saba cha Chama cha Sataranji

Jumatatu, 5 Agosti 1957
Mkutano mkuu wa Chama cha Sataranji, hapa Ngamiani. Wanachama tisa. Mimi Hatibu, katibu tangu chama kizaliwe, nilisoma taarifa ya mwaka kwa saa moja na nusu. Wawili walisinzia. Majina yao nimeyaandika.

Kisha akanyanyuka Rafaeli, karani wa shamba la mkonge huko Kigombe. Kijana mwenye adabu ya kuudhi. Akasema ukatibu apewe anayejua mchezo: tupambane Jumamosi, yeye na mimi, atakayeshinda achukue muhuri. Wakapiga makofi. Muhuri wangu! Nikakubali huku natabasamu. Ningefanyaje?

Jumanne, 6 Agosti
Nimegundua siri ya Rafaeli. Barazani kwetu watazamaji hawafumbi midomo: hapo siyo, rudisha, mtoe farasi. Ndiyo maana anashinda! Nimetunga Kifungu cha Saba: mtazamaji atakayetoa sauti atatolewa nje. Nimekigonga muhuri mara tatu na kukibandika ukutani. Mke wangu Semeni akaniuliza, mbona anayesaidiwa zaidi ni wewe? Semeni hajui mambo ya uongozi.

Alhamisi, 8 Agosti
Kitabu changu, Njia za Hakika za Kushinda Sataranji, kimefika kwa mpiga chapa. Sura ya mwisho inaeleza nilivyomshinda Rafaeli. Nimeiandika mapema ili kuokoa muda. Mpiga chapa akanikumbusha kwamba Jumamosi bado. Nikamwambia kazi yake ni kuchapa.

Jumamosi, 10 Agosti
Rafaeli akaniamkia shikamoo, kisha akanila farasi.

Nikanyoosha mkono kumshika askari, nikasubiri Mzee Uweso, muuza kahawa, aseme siyo huyo, kama anavyosema kila siku kwa miaka minne. Kimya. Nikamtazama. Akaziba mdomo wake kwa kiganja, akanionyesha ile karatasi ukutani. Nikakohoa. Nikamkonyeza. Baraza zima limefumba midomo, na wote wanafurahi, mahasidi wakubwa!

Hatua ya kumi na nne, shaha wangu, yaani mfalme, hana pa kwenda. Nikautoa muhuri. Rafaeli akaupokea kwa mikono miwili. Adabu tena! Mzee Uweso akaniambia pole mwanangu, njia ya kujiokoa aliiona mapema, ila sheria ilimbana. Nimeumia, sifichi. Nyumbani nimekataa chakula mpaka Semeni alipoleta samaki.

Jumapili, 11 Agosti
Nimetafakari sana. Kosa si langu. Hakuna mchezaji wa maana anayeweza kufikiri penye kimya kama kile. Mpiga chapa nimemwagiza asiguse neno hata moja katika sura ya mwisho. Wasomaji wa mbali, kule Moa na Amani, watajuaje?

Asubuhi nimeanzisha Chama cha Dama. Semeni amekataa kujiunga, hivyo nimechaguliwa katibu bila kupingwa. Hadi adhuhuri nimemaliza sura tatu za kitabu cha dama. Kesho nitafute mtu anieleze inavyochezwa.