Mrudishe Mke Wangu Kwenye Simu

Kwa Mwezeshaji wa Semina ya "Simu Isikutawale",

Dada Mwezeshaji,

Natumaini u mzima, na kwamba sauti uliyoitumia kuivuruga nyumba yangu Jumamosi ile haijakukauka. Mimi ni fundi seremala. Hatujaonana, ila mke wangu alikaa mstari wa mbele, akiandika kila ulichosema kwenye daftari la binti yetu. Aliyerudi jioni si yule niliyeagana naye asubuhi. Nimejizuia mwezi mzima nisikuandikie kwa hasira, na sasa nakuandikia kwa hasira ile ile, ila kwa mwandiko mzuri.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliwafundisha kinamama kuifungia simu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Wangu ameichagulia sufuria kubwa, ile yenye mfuniko mzito. Ikilia humo ndani, jirani anabisha hodi kuuliza tunapika nini. Hilo ningelivumilia.

2. Macho. Hili hukulifikiria, maana nyinyi wasomi hufungua milango bila kuuliza inaelekea wapi. Kabla ya semina yako tulikuwa na ndoa tulivu: yeye na simu yake upande ule wa kochi, mimi na yangu upande huu, hakuna aliyemkwaza mwenzake. Sasa mikono yake i mitupu, na macho hayana pa kwenda isipokuwa kwangu. Siku ya kwanza alinitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza, kwa upole ulioniudhi kuliko matusi, kwa nini binti yetu wa miaka sita analala kwenye godoro sakafuni na baba yake ni seremala. Nikamjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, akaondoka zake. Zamani mtu huyu hakuwa na muda wa methali.

3. Orodha. Uliwaagiza waandike mambo yote yaliyoahirishwa kwa sababu ya simu. Sawa. Lakini hukuwaambia kila mtu aandike ya kwake? Orodha ya mke wangu ina mambo kumi na manne, na kumi na moja ni yangu: bawaba ya mlango wa choo, rafu ya jikoni, meza iliyosimamishwa kwa tofali, na kitanda cha mtoto, ambacho kimepigiwa mstari mara mbili. Ameibandika ukutani, mkabala na ninapokaa.

Hapa naomba nijitetee kitaalamu. Watu husema kinyozi hajinyoi, wakacheka. Wacheke. Kitanda kile sikukisahau hata siku moja. Miaka minne nimekuwa nikijiandaa. Nimetazama kwenye simu vitanda zaidi ya mia tatu vikitengenezwa, vingine na mafundi wa nchi za theluji. Nimo katika makundi sita ya maseremala, na mawili kati ya hayo mimi ndiye ninayeyaongoza. Huo ni uzembe? Huo ni utafiti, dada yangu. Wewe hujawahi kushika randa, lakini umesimama ukumbini unafundisha watu kufanya kazi.

4. Ndipo alipokuja karakanani. Akaomba futi kamba, nikampa nikidhani anapima pazia. Asubuhi tisa baadaye binti yetu alikuwa na kitanda. Nimekikagua. Mguu mmoja ni mfupi kwa upana wa kidole, amepiga misumari palipotaka kiungo, na msasa haukufika nyuma ya ubao wa kichwani. Makosa yote nilimwonyesha kwa video. Mtoto analala humo usiku kucha bila kugeuka, jambo ambalo mimi kama mtaalamu naliona ni dharau.

5. Mwalimu wa chekechea, mteja wangu wa miaka mingi, alikuja kuulizia viti vidogo ishirini ambavyo nimekuwa nikimwahidi "wiki ijayo" tangu muhula uliopita. Akakiona kitanda. Kazi ile akampa mke wangu, mbele yangu, nami nimeshika simu namtafutia picha za viti. Sasa benchi langu limehamishiwa dirishani kwa sababu mwenye kazi anahitaji mwanga, na mimi nimesogezwa mlangoni. Leo ameingia mteja mgeni, akanisalimia vizuri tu, kisha akaniuliza kama fundi yupo.

Umeona ulikotufikisha? Mwanamke mmoja akiweka simu chini, mume mmoja anaonekana. Wakiziweka wote, hapatabaki mwanamume hata mmoja mtaani mwenye mahali pa kujificha.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, uandae semina ya kurekebisha. Umrudishe mke wangu kwenye simu taratibu, asije akaumia: dakika kumi asubuhi, kisha nusu saa, hadi afikie kiwango chake cha zamani, ambapo ungepita mbele yake umebeba kabati asigeuke. Makundi yake ya harusi yanamngoja. Mimi sitaki makuu. Nataka kuitwa fundi katika karakana yangu mwenyewe.

Wasalimie wawezeshaji wenzako wote, mlinzi aliyewafungulia ukumbi, na mumeo kama unaye. Huyo mpe pole zangu.

Wako katika manung'uniko,
Fundi Seremala (bado).

Nyongeza: Bahasha nilikwisha kuifunga, nimeifungua tena. Jana jioni alikuja baba yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Binti yetu alimshika mkono akampeleka kuona kitanda. Mzee akamwuliza kama baba yake ndiye aliyekitengeneza. "Hapana, babu. Hiki ametengeneza mama. Baba huwa anatazama vya watu." Hakusema kwa ubaya, alitaja kazi yangu tu, kama mtoto mwingine anavyosema baba yake ni dereva. Mzee akapitisha kiganja juu ya ubao, polepole, wala hakunitazama. Nilitamani anitukane. Semina ijayo ni lini, dada? Niwekee nafasi. Na kama viti vya ukumbini vimejaa, nijulishe mapema, nitengeneze changu nije nacho.