Kucha za Rangi ya Chai

Jumatatu, 4 Machi. Mawingu asubuhi, manyunyu kidogo.

Muuguzi wa miguu anakuja Alhamisi. Mara moja kwa mwezi tu! Mwezi uliopita aliniangalia kucha, akakata mbili tatu, akazisifu kuwa safi kama za bibi harusi. Kwaheri. Malkia, mwenye kitanda cha dirishani humu chumbani, alihudumiwa mpaka chakula kikapoa, kisa kucha zake nene kama gamba la kobe. Wakapiga soga. Akasimuliwa habari za mchumba wa muuguzi, zote! Mimi nikaambulia vicheko.

Hapa kwenye makao ya wazee kila mtu huzungumza nasi amesimama, mkono mlangoni. Muuguzi yule peke yake huvuta kigoda akakaa. Nimeazimia: mwezi huu kigoda ni changu.

Jumanne, 5 Machi. Jua kali.

Kucha mbovu hupewa muda. Zangu nzima. Basi ziwe mbovu! Nimekusanya majani ya chai ya meza nzima, nikaloweka miguu kwenye beseni. Malkia akauliza nafanya nini. Nikamwambia nafua soksi. Akauliza mbona soksi ziko kwenye kamba. Nikamshauri ashughulike na magamba yake.

Jumatano, 6 Machi. Upepo.

Kucha zimekolea vizuri sana. Nyayo pia. Na shuka. Mhudumu alitaka kuniogesha, nikasingizia mafua. Nimepiga chafya tatu za kuaminika.

Alhamisi, 7 Machi. Joto.

Muuguzi alipoona vidole vyangu, uso ukambadilika. Nikafurahi. Akamwita msimamizi. Nikafurahi zaidi. Akasema huenda ni kuvu, na mwenye kuvu huhudumiwa mwisho, vifaa visije vikaambukiza wengine.

Mwisho!

Ndara zangu zikapelekwa kusuguliwa kwa dawa. Nikawekwa kitandani, miguu juu ya gazeti kama samaki sokoni. Malkia akaniambia pole mwenzangu, lakini tafadhali usinisogelee. Kisha akatangulia yeye. Kach, kach, kach. Nikasikia harusi imeahirishwa, halafu wakashusha sauti! Nilijinyoosha nusura nianguke.

Zamu yangu ilipofika jua lilikuwa linazama. Muuguzi akavaa glavu mpya, akapaka sabuni. Maji yakawa kahawia. Akainusa miguu yangu. Akauliza, kwa adabu, kama huwa naweka na sukari. Malkia akacheka mpaka meno ya bandia yakamtoka.

Muuguzi hakunigombeza. Alizikata kucha kwa mstari ulionyooka, akalainisha pembe kwa tupa, akafuta katikati ya vidole mpaka pakakauka. Mikono laini yule binti! Halafu akatazama saa, gari lake linaondoka. Akasema, Bibi yangu, ukitaka nikae nawe niambie tu. Mwezi ujao nitakuweka mwisho kwa makusudi, tuongee mpaka unichoke.

Akaondoka. Habari za harusi sina.

Ijumaa, 8 Machi. Mawingu tena, bila mvua.

Niambie tu! Mtu mzima niombe maongezi kama mtoto anayeomba pipi? Sina njaa hiyo.

Ila Jumatatu anakuja mpima masikio. Wanasema hukaa na mtu ana kwa ana muda mrefu, kama masikio ni mabovu. Yangu husikia panya akiwaza. Tatizo dogo. Nimeanza mazoezi leo leo, na nimejiapiza kutolegea hata mara moja.

Baada ya chakula cha jioni Malkia akanionea huruma. Akavuta kiti mpaka kitandani kwangu, akakaa! Akasema, haya shoga, ngoja nikupe habari za ile harusi, tangu mwanzo. Moyo ukanidunda. Lakini mpango ni mpango. Nikaweka kiganja sikioni, nikamwuliza, eeh? Akarudia. Eeh? Akapaza sauti. Eeh? Akasonya, akarudisha kiti chake dirishani.

Ushindi mkubwa. Malkia ameamini kabisa.

Mhudumu akaja kusema nizime taa. Sikumsikia. Nalala sasa, saa nne na nusu.